Mteja Asiye Mgonjwa: Utafiti wa Maduka ya Dawa na Swali la Uongo



Ndugu msomaji, mama mmoja anaingia kwenye duka la dawa la mtaani. Anasema mtoto wake wa miaka minne anakohoa na kutoka makamasi tangu juzi; hana homa, anakula, anacheza. Anaomba dawa. Muuzaji anamwuliza swali moja au mawili, pengine hamwulizi chochote, anageukia rafu, anashusha chupa ya antibayotiki ya unga wa kuchanganya na maji. Mama analipa, anaaga, anatoka. Akishapita kona anatoa karatasi na kalamu, anaandika: ameulizwa nini, amepewa nini, kwa bei gani, ameelekezwaje. Hana mtoto mgonjwa. Huenda hana mtoto kabisa. Ni mtafiti, na kikohozi alichokisimulia alikifanyia mazoezi pamoja na wenzake mpaka wote wakawa wanakieleza kwa maneno yaleyale.

Watafiti wa afya humwita mteja wa kuigiza, au mteja wa siri. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu namna dawa zinavyouzwa katika nchi kama yetu imetoka kwa watu wa aina hii. Sisi tunaosoma falsafa tulipokutana na habari zake tuligawanyika. Wapo waliosema huo ni uongo, na uongo hautakaswi kwa kuvikwa koti jeupe la sayansi. Wapo waliosema bila yeye watoto wataendelea kunyweshwa dawa wasizozihitaji, nasi tutabaki na dhamiri safi huku makaburi yakiongezeka. Tunaandika makala hii kueleza kwanza utafiti huu unafanywaje hapa Tanzania na umetufunulia nini, kisha tuseme tumesimama wapi. Swali lenyewe si la darasani tu. Anayesimama mbele ya kaunta ile ni ninyi waamini na ni sisi tukiwa likizo.

Kutoka dawa baridi hadi dawa muhimu

Vijijini kwetu duka la dawa ndiyo hospitali ya kwanza. Zahanati iko mbali, au iko karibu lakini dawa zimekwisha, au foleni ni ndefu na shamba linasubiri. Duka linafunguliwa mapema na kufungwa usiku. Muuzaji ni jirani, mara nyingi ni mwanajumuiya mwenzetu, na hatudai kadi wala faili.

Kwa miaka mingi sheria haikuliona duka hilo kwa sura hiyo. Chini ya Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978, maduka ya vijijini yaliitwa Maduka ya Dawa Baridi. Dawa baridi ni zile ambazo mtu anaweza kununua bila cheti cha daktari: za maumivu, za kikohozi, za minyoo na kadhalika. Dawa moto, yaani zile za cheti, zilipaswa kuuzwa kwenye famasia yenye mfamasia. Shida ni kwamba famasia zilikuwa mijini, na nyingi kati ya hizo Dar es Salaam. Mkulima wa Namtumbo au Tunduru alikuwa na sheria nzuri lakini hakuwa na famasia. Watu walifanya nini? Walifanya ambalo kila mmoja wetu angelitarajia. Duka la dawa baridi liliuza dawa moto kutoka chini ya kaunta, bila mafunzo, bila kumbukumbu, na wakati mwingine dawa ambazo hazikusajiliwa nchini kabisa.

Mwaka 2001 watafiti walifanya tathmini ya hali hiyo, na mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati huo, kwa kushirikiana na shirika la Kimarekani liitwalo Management Sciences for Health na kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, ikaanzisha majaribio katika Mkoa wa Ruvuma, mkoa ambao wengi wetu tunaujua kwa ajili ya Peramiho. Jaribio lilikuwa hili: badala ya kuwafukuza wauza dawa baridi, wafundishwe. Duka likarabatiwe hadi lifikie viwango, muuzaji apate mafunzo ya wiki kadhaa, mwenye duka afundishwe kutunza hesabu, wakaguzi wa wilaya na kata wapite mara kwa mara, na kwa malipo ya utii huo duka liruhusiwe kuuza waziwazi orodha fupi ya dawa moto, zikiwemo antibayotiki chache kama amoksilini na kotrimoksazoli. Duka hilo jipya likaitwa Duka la Dawa Muhimu. Ndilo lile lenye kibao mnalokutana nalo leo karibu kila senta ya Tanzania Bara. Uganda na Liberia nazo zilikuja kujifunza kutoka kwetu.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana tunapenda sana jambo linalofuata. Watafiti hawakuangalia Ruvuma peke yake. Walichagua pia Singida, ambako maduka ya dawa baridi yaliachwa yaendelee kama kawaida, ili mikoa miwili ilinganishwe. Katika mantiki tunafundishwa kosa la kale la kudhani kwamba kwa kuwa jambo la pili limekuja baada ya la kwanza, basi la kwanza ndilo lililolisababisha. Jogoo huwika kabla jua halijachomoza, lakini ukimchinja kutakucha vilevile. Kama dawa mbovu zingepungua Ruvuma na Singida kwa kiasi kilekile, tungesema ni ukaguzi wa kitaifa au bei za soko zilizofanya kazi, wala si mafunzo. Singida ilikuwa pale kumzuia mtafiti asijisifu bure.

Matokeo yalikuwa haya. Kabla ya mradi, dawa 26 kati ya kila 100 zilizokutwa katika maduka ya Ruvuma hazikuwa zimesajiliwa. Baadaye zilikuwa 2. Wateja wenye mafua na kikohozi cha kawaida, ambao antibayotiki haiwasaidii kitu kwa sababu maradhi hayo kwa kawaida huletwa na virusi, walikuwa wakiuziwa antibayotiki mara 39 kati ya 100. Baadaye mara 14. Na walioeleza dalili za malaria wakapewa dawa sahihi kulingana na mwongozo wa taifa walipanda kutoka 6 hadi 24 kati ya 100.

Tukae kidogo kwenye hiyo 24. Ni mara nne ya ilivyokuwa, na ripoti hupenda kusema hivyo. Lakini nani kati yetu angepata 24 kwa 100 katika mtihani wa mantiki akaenda kumshukuru Mungu kanisani? Namba ileile ni ushindi ukitazama nyuma, ni aibu ukitazama mbele. Tunadhani msomaji mzuri wa utafiti ni yule anayeweza kushika yote mawili kwa pamoja.

Kwa nini wasiulize tu?

Mtu atasema: kulikuwa na haja gani ya kuigiza? Si wangemwuliza muuzaji?

Waliuliza. Zipo njia nyingi za kuchunguza duka la dawa, na kila moja ina upofu wake. Unaweza kuhesabu vilivyomo kwenye rafu: ni njia ya uaminifu, dawa haidanganyi, lakini rafu haisemi dawa ilikwenda kwa nani. Unaweza kumhoji muuzaji: utajua anachokijua. Unaweza kusimama mlangoni na kumhoji mteja wa kweli anapotoka, akikubali kufungua mfuko wake: utaona alichonunua, lakini kumbukumbu yake ya maneno ni fupi na pengine ana haraka au anaona haya kutaja ugonjwa. Unaweza kumfuata nyumbani siku chache baadaye uhesabu vidonge vilivyobaki kwenye karatasi: utajua kama dozi imekwisha, ilimradi hajagawa na mdogo wake.

Kinachosumbua ni kwamba jibu la mahojiano na tendo la kaunta mara nyingi si ndugu wa tumbo moja. Muulize mtoa dawa: mtoto anayeharisha bila damu apewe nini? Atakujibu vizuri kabisa, ORS na vidonge vya zinki. Mpelekee mtoto huyo kwa maneno tu, kama mteja, na huenda ukatoka na metronidazo. Tofauti hii ya kujua na kutenda imeonekana katika nchi nyingi. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na utafiti mmoja uliofanyika Kenya na Indonesia kuhusu dawa za kuharisha katika maduka ya dawa. Wauzaji walifundishwa ana kwa ana, kisha wateja wa kuigiza wakatumwa. Mafunzo yalisaidia, ORS ikauzwa zaidi. Lakini ilibidi atumwe mteja ili ijulikane kama maneno ya semina yamefika kwenye mkono unaoshika dawa.

Mtakatifu Paulo asingeshangaa. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 7, anaeleza jinsi anavyojua jema na asilitende. Wauza dawa si viumbe wa pekee. Wapeni maseminari dodoso kuhusu sala ya usiku, kisha mtume mtu achungulie bwenini.

Nani mwenye kosa?

Ni rahisi kumnyooshea kidole muuzaji, na katika mahubiri yetu ya mazoezi tumesikia vidole vya namna hiyo. Tunaomba tuwe waangalifu. Tukiwa vigangoni wakati wa likizo tumekaa kwenye maduka haya na kuona upande wa pili wa kaunta. Mteja anakuja na shilingi mia tano. Hataki maswali, anataka kapsuli za rangi mbili kwa sababu mara ya mwisho zilimsaidia, na zilimsaidia kwa sababu mafua huisha yenyewe baada ya siku chache. Ukimnyima anavuka barabara hadi duka la pili. Anayeuza mara nyingi si mwenye duka. Ni msichana aliyeajiriwa, na jioni bosi wake huhesabu mauzo.

Ndiyo maana tunaipenda Ruvuma kama mfano. Haikusema tu kwamba wauzaji ni wabaya. Iligusa rafu, bei, leseni, ukaguzi na akili ya mtu kwa pamoja. Hali kadhalika mpango wa kimataifa uliofika nchini mwaka 2010 wa kupunguza bei ya dawa za mseto za malaria katika maduka binafsi, zile zenye alama ya jani la kijani kwenye pakiti, ulianza na ukweli wa kawaida: mwenye shilingi chache atanunua dawa ya shilingi chache, hata kama haifanyi kazi tena. Huwezi kumhubiria mtu anunue dozi asiyoweza kuilipia.

Lakini mteja naye asijitoe. Dozi ya mseto wa ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na dozi ya pili ifuate saa nane baada ya ya kwanza. Huliwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa, ili dawa iingie mwilini vizuri. Siku ya pili homa imeshuka. Mtu anajisikia mzima, anavifunga vidonge vilivyobaki kwenye kanga kwa ajili ya siku nyingine au mtoto mwingine. Hapo ndipo anapomwachia kimelea nafasi.

Usugu si wa mwili wako

Wengi hudhani usugu maana yake mwili wa mgonjwa umezoea dawa. Sivyo. Anayezoea ni kimelea. Katika kundi kubwa la vimelea huwa kuna vichache vilivyozaliwa na tofauti ndogo inayovisaidia kustahimili dawa. Dawa ikitumika ovyo, vile dhaifu hufa, vile sugu hubaki na kuzaana, kisha vinahamia kwa jirani. Kwa hiyo kosa la mmoja hulipwa na mwingine: antibayotiki iliyonywewa bure kwa ajili ya mafua ya Songea inaweza kudaiwa kwenye kidonda cha mama aliyejifungua kwa upasuaji Mbinga. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945, dawa yenyewe ikiwa bado changa.

Si hofu ya mbali. Watafiti waliokusanya takwimu za dunia nzima walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na eneo lililoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake ni Afrika Magharibi kusini mwa Sahara. Kwenye malaria, nchi yetu imekwisha kuzika dawa mbili: klorokwini iliachwa kama dawa ya kwanza mwaka 2001, SP ikachukua nafasi yake, nayo ikaachwa mwishoni mwa 2006 mseto wa ALu ulipoanza kutumika. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea vyenye badiliko la kijeni linaloitwa R561H, ambalo huvifanya vichelewe kufa kwa artemisinini. Mwaka 2024 badiliko hilohilo, pamoja na dalili zake kwa wagonjwa, liliripotiwa kutoka Karagwe, mkoani Kagera. Mseto bado unaponya kule, kwa sababu dawa ya pili iliyomo ndani yake inafanya kazi. Lakini artemisinini inaposuasua, mzigo wote unaiangukia hiyo ya pili.

Usugu huu kwa Kiswahili cha wizara unaitwa UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na taifa lina mpango kazi wake tangu mwaka 2017. Mpango kama huo unahitaji kujua kinachotendeka kwenye kaunta. Tumerudi kwa mteja wetu asiye mgonjwa.

Je, anasema uongo?

Mtakatifu Thomas wa Akwino analijadili jambo la uongo katika sehemu ya pili ya pili ya Summa, swali la 110. Kwake uongo ni kusema kinyume cha kilichomo akilini mwa msemaji. Anagawa uongo katika aina tatu, wa mzaha, wa kusaidia na wa kudhuru, na hauhalalishi hata mmoja, ingawa hausemi wote kuwa dhambi ya mauti. Kwa hiyo wenzetu wanaosema kwamba nia njema inatosha wasimtafute Thomas awe wakili wao. Uongo wa kusaidia bado ni uongo. Lakini palepale anaongeza kwamba ni halali kuuficha ukweli kwa busara. Na katika swali la 111, akimfuata Agustino, anatazama Injili ya Luka sura ya 24, pale Yesu anapofanya kama anataka kuendelea mbele wale wanafunzi wa Emau walipokaribia kijiji chao, naye hasemi kwamba kuna unafiki hapo.

Basi mpaka uko wapi? Tulijaribu mifano miwili.

Ijumaa Kuu vijana wa parokia huigiza Mateso. Kijana anayesimama na kusema yeye ndiye Pilato hasemi uongo, kwa kuwa wote wanajua ni igizo. Mfano huu ni mzuri lakini haufiki, maana muuza dawa hajui kwamba aliye mbele yake anaigiza.

Mfano wa pili unakaribia zaidi. Mchezaji wa mpira anapopiga chenga, mwili wake unasema kushoto na mpira unakwenda kulia. Beki amedanganyika, tena mbele ya watu, lakini hakuna anayekwenda kuungama chenga. Kwa nini? Kwa sababu beki alipoingia uwanjani alikubali mchezo wenye chenga. Hajui itakuja lini wala kutoka kwa nani, ila anajua kwamba itakuja.

Tofauti, basi, inaletwa na ridhaa. Zipo tafiti ambazo mwenye duka na muuzaji hufuatwa mapema na kuambiwa: katika miezi ijayo, mmoja wa wateja wako atakuwa mtafiti, jina lako halitaandikwa, je unakubali? Akikubali, wiki au miezi hupita, naye anaendelea na kazi yake. Mteja akija, anakuta mtu aliyekwisha kuingia uwanjani. Maneno yake hayana tena uzito uleule wa ushuhuda, kwa sababu aliyeyasikia amekubali kwamba baadhi ya maneno atakayoyasikia yatakuwa ya majaribio. Hapo sisi tunaona hakuna uongo kwa maana kamili, na wengi wa waliopinga mwanzoni walikubali.

Lakini si kila utafiti hufanya hivyo. Miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti inaruhusu kamati kuondoa sharti la ridhaa ya awali, ikiwa hatari kwa mhusika ni ndogo, utafiti una manufaa makubwa kwa jamii, na usingewezekana kwa njia nyingine. Hoja yao tunaielewa: mtu akijua anapimwa hujirekebisha. Hapa kwetu utafiti wa afya kwa binadamu hupitia kamati za maadili, ikiwemo ile ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nayo hupima maombi hayo moja moja. Hatudharau kazi hiyo. Hata hivyo Katekisimu, namba 2295, inakumbusha kwamba utafiti hauhalalishi tendo linalopingana na hadhi ya mtu, na inataja ridhaa. Hadhi hiyo anayo pia msichana wa kaunta anayelipwa kidogo na ambaye, duka likifungiwa, ndiye wa kwanza kukosa kazi. Kusema hatari kwake ni ndogo ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara.

Kwa hiyo msimamo wetu, kwa walio wengi darasani, ni huu. Mteja wa kuigiza ni halali pale muuzaji amekubali kabla. Pasipo ridhaa hiyo, mtafiti ajaribu kwanza njia nyingine: mlango, rafu, vidonge vya nyumbani. Mmoja wetu alipendekeza njia ya katikati ambayo bado tunaitafakari: mteja aombe bila kudai kitu. Kuomba dawa ya kikohozi ya mtoto wa miaka minne si kutoa taarifa kwamba unaye mtoto. Ni ombi, na ombi haliwezi kuwa kweli au uongo. Mwingine alimjibu hapohapo kwamba muuzaji mwema atauliza mtoto ameanza lini kukohoa, na hapo ombi limekwisha na uongo umeanza. Cha ajabu ni kwamba njia hiyo ingembana mtafiti pale tu anapokutana na muuzaji mzuri.

Yapo mambo mengine ambayo hatukubishana sana. Mteja wa kuigiza asimpotezee zamu mgonjwa wa kweli. Akimkuta mama mwenye mtoto anayedegedeka, aondoke. Asichukue dawa ambayo ni moja iliyobaki dukani. Karatasi yake isitumike kumfunga mtu wala kufungia duka, isipokuwa akikuta hatari ya wazi inayotishia uhai, na hilo muuzaji aelezwe tangu mwanzo. Mkaguzi ni mtu mwingine, mwenye kitambulisho na mamlaka, na kazi hizo mbili zikichanganywa, hakuna muuzaji atakayemkubali mtafiti tena.

Na matokeo yarudi. Hili ndilo linalotuuma zaidi. Tafiti nyingi kuhusu maduka ya kwetu zimechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya nje, na anayezisoma kwa urahisi ni msomi wa Geneva kuliko muuzaji wa Namtumbo ambaye kaunta yake ndiyo iliyotoa namba. Vyuo vyetu vinafundisha wafamasia: Muhimbili, na pia Bugando kule Mwanza, chuo cha Baraza la Maaskofu wetu. Vijana wanaotoka huko wanajua kusoma jedwali. Parokia ina ukumbi, ina jumuiya, ina tangazo baada ya Komunyo. Kumwalika mfamasia mmoja Jumapili moja awasomee watoa dawa wa eneo hilo, kwa Kiswahili, kile kilichogunduliwa katika maduka kama yao, kunagharimu soda na nauli. Wenzetu wawili wameanza kuandika muhtasari wa kurasa mbili wa habari ya Ruvuma kwa ajili hiyo. Parokia inayouhitaji iwasiliane na ofisi ya gazeti.